Zamu ya Kumi na Tano

Asubuhi ile Mzee Hezekia alimpa maji mtu aliyekufa.

Alipanda juu ya jiwe lililo kando ya bwawa, kama alivyopanda kila kulipopambazuka kwa miaka thelathini na saba, akakohoa kusafisha koo, akazungushia viganja mdomo wake na kuita kwa Kishambaa, sauti ikashuka bonde lote la Kwemvumo: "Mazi ya Paskali! Leo mazi ya Paskali!" Kisha akateremka, akachomoa gogo lililoziba mlango wa bwawa, na maji yaliyokusanyika usiku kucha yakaingia mferejini. Akarudi nyumbani kunywa uji, moyo wake umetulia kabisa. Paskali alikuwa na mwaka wa pili kaburini.

Waliosikia walisimama na majembe mikononi wakitazamana. Wengine walicheka. Ingekuwa kucheka tu mambo yangeishia hapo, maana watu wa milimani hucheka leo na kesho wakapata jingine la kucheka. Lakini Jenoveva, mjane wa Paskali, naye alikuwa amesikia jina la mumewe. Hakucheka. Alichukua jembe, akashuka mbio hadi kwenye mchepuko wa shamba lake, akaufungua, na maji yakaingia kwenye kabichi zake kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kristofa, mdogo wake Paskali, alikuwa njiani na jembe lake, kwa sababu tangu ndugu yake afe zamu ile alipewa yeye. Walikutana mferejini. Huyu anafungua, yule anaziba, miche ikakanyagwa, na kabla jua halijapanda vizuri maji ya siku nzima yalikuwa yamemwagikia barabarani, yakiteremka kwenda zake bila kumfaa mtu.

Kwemvumo wako Walutheri, Wakatoliki na Waislamu, na kwa habari ya maji wote ni dhehebu moja: kila mtu anamtazama jirani yake kwa jicho la pembeni. Nyumba zilikuwa kumi na tano, kila nyumba siku moja. Zamu zilihesabiwa kwa chete, ile siku ya soko inayorudi kila siku ya tano. Chete tatu zikipita, mzunguko umekwisha na unaanza upya. Haya yote hayakuandikwa mahali popote. Yalikaa kwenye kichwa cha Hezekia, na watu walilala usingizi kwa kukitegemea kichwa hicho. Sasa ulikuwa mwaka wa sabini na tano, ukame wa mwaka uliopita ulikuwa bado haujasahaulika, na kichwa kimemwita marehemu.

Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Mussa, akatangaza mkutano siku ya tatu. Ajenda ilikuwa moja.

*

Mke wa Hezekia, Dorkasi, hakuwapo siku ile. Alikwenda Bungu kumwuguza dada yake, akalala huko siku mbili. Aliporudi alipata habari njiani kabla hajafika kwake, kutoka kwa mwanamke aliyeanza na "pole mama" kana kwamba kuna msiba. Dorkasi alimwitikia, akaendelea kutembea, na mzigo wa ndizi kichwani ukawa mzito ghafla.

Alimkuta mumewe ameketi uani kwenye kiti. Si kiti chake cha kigoda alichozoea, bali kile kiti cha mbao chenye mgongo kilichowekwa kwa wageni. Mtoto wao Rubeni, katibu wa kijiji, ndiye aliyekitoa nje, akamfunika baba yake blanketi magotini na jua linawaka. Jembe la mfereji lilikuwa limetoweka pembeni mwa mlango. Rubeni alilichukua akaliweka kwake, nyumba ya pili katika ua huohuo.

"Mama, nimemwambia baba apumzike," alisema Rubeni baada ya kumwamkia. "Amefanya kazi ya kutosha. Zamu nitaita mimi, nimeanza kuziandika kwenye daftari. Hata wilayani Lushoto wanataka maandishi."

Alisema kwa upole, na kwa kweli alimpenda baba yake. Lakini pia aliona aibu, na mtu mwenye upendo na aibu kwa pamoja mara nyingi humkosesha mwenzake pumzi. Hezekia alikuwa anatazama mikono yake juu ya blanketi.

Kilichomtisha Dorkasi si kosa lenyewe. Kilichomtisha ni kwamba alilitarajia. Kwa miezi minane sasa, kila alfajiri mzee akivaa koti, alikuwa akiuliza kama mtu anayejisemea, "Leo ni nani vile?" Na yeye, akipuliza moto, alimjibu naye kama anayejisemea: ni Rajabu, ni Baba Hadija, ni wa kwa Mussa. Mwanamke haruhusiwi kusogelea mambo ya mfereji. Hata jiwe lile hajawahi kulikanyaga. Lakini kwa miaka thelathini na saba alimsikia mumewe akizipitia zamu kwa sauti huku akifunga viatu, kumi na tano toka mwanzo hadi mwisho, kama wengine wanavyosali. Zilimwingia bila kuzitaka. Mzee alipoanza kukwama alimsaidia. Aliposaidiwa akaacha kuzipitia. Kwa nini azipitie, wakati jina linakuja na moshi wa jikoni?

Siku mbili tu alikwenda Bungu, na siku ya pili mzee akaita kaburi.

Alimkumbuka shemeji yake, kaka yake Hezekia. Huyo naye aliambiwa apumzike. Watoto walimnyang'anya panga, wakamweka karibu na moto, wakamletea kila kitu mkononi. Mwaka wa kwanza aliacha kuuliza habari. Mwaka wa pili alikuwa anaita watu waliokufa zamani, akimwita hata mama yake, na wajukuu wanacheka mlangoni. Dorkasi ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula. Aliijua njia ile, kila hatua yake, na aliona kiti chenye mgongo kimewekwa palepale inapoanzia.

*

Siku zile mbili zilikuwa ndefu. Watu walikuja kumwona Hezekia kama wanavyomwona mgonjwa. Walizungumza naye kwa sauti ya juu na polepole, ingawa masikio yake yalikuwa mazima. Mmoja alimwuliza, "Mzee, unanijua mimi?" na mzee akamjibu kwamba anamjua na baba yake anamjua, na kwamba babake alikuwa na adabu. Mzee wa kanisa alikuja akaomba sala ndefu, akamtaja Hezekia kwa Mungu kama mtu ambaye hayuko chumbani. Alfajiri, Rubeni alipanda jiwe na daftari, akaita zamu kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la mkutano. Hezekia alisikiliza kutoka kitandani, akageuka ukutani.

Alasiri ya siku ya pili Dorkasi alikwenda kisomo cha watu wazima. Hakutaka, lakini ukikosa wanaandika jina. Wazee kwa kina mama walibanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao, na mbele alisimama Salma, binti aliyemaliza darasa la saba juzijuzi, ameshika chaki. Mama mmoja aliitwa ubaoni kusoma neno, akakwama. Dorkasi alilijua. Akanong'ona.

Salma aligeuka. "Bibi Dorkasi, shikamoo, lakini naomba uache," alisema. "Ukimwambia, umesoma wewe. Yeye atarudi nyumbani mikono mitupu. Mwacheni ahangaike, tunao muda."

Yule mama akasimama pale anatoka jasho, kidole kwenye ubao, midomo inacheza, na wote wakaona vibaya kumtazama. Ilikuwa kama dakika nzima, na dakika nzima ni ndefu mtu akiaibika. Kisha akalisoma. Akarudi kwenye dawati, akakaa akitabasamu peke yake mpaka kisomo kilipokwisha. Dorkasi hakuandika neno lolote siku ile. Alikuwa anafikiria miezi minane ya majina aliyoyatoa jikoni kwa huruma, na kwa mara ya kwanza akaogopa kwamba ni yeye aliyemfanya mumewe awe vile.

*

Mkutano ulifanyika kwenye darasa hilohilo. Wajumbe walikaa mbele nyuma ya meza, Rubeni na daftari lake pembeni, wanaume kwenye madawati, wanawake nyuma. Hezekia alipewa kiti katikati, peke yake. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

Ndugu Mussa hakuwa mtu mbaya. Alimwamkia mzee kwa heshima, akaeleza kwamba kijiji kinamshukuru, na kwamba hakuna anayemlaumu, ila maji ni uhai na lazima wajue kama bado anaweza. Kisha, labda kwa kutaka kuanza na rahisi, akauliza, "Mzee wetu, tuambie kwanza, leo ni siku gani?"

"Siku ya tatu toka chete," alijibu Hezekia.

Vijana wakaangua kicheko. Mwenyekiti alikuwa anataka Jumatano. Mzee alitazama huku na huku akitafuta kosa lake, na kwa kuwa hakuliona, akaanza kuwa na wasiwasi. Dorkasi alitaka kusimama aseme kwamba jibu lile ni sahihi, kwamba kila mtu humu ndani anaondoka na mboga zake kwa hesabu hiyohiyo. Akabaki ameketi.

Akaambiwa azitaje zamu kumi na tano kwa mpangilio. Akaanza vizuri, tena kwa haraka, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne ya Kristofa, ya tano. Akapita ya nane. Akafungua mdomo kutaja ya tisa, na hakuna kilichotoka.

Ya tisa ilikuwa ya Rajabu, naye Rajabu mwenyewe alikuwa ameketi dawati la mbele, hatua mbili kutoka kwenye kiti. Hezekia alimtazama. Alimjua. Alijua sauti yake, mke wake, mbuzi wake mwenye pembe moja. Jina lenyewe lilikuwa limeondoka. Rajabu kwa kuona uchungu alikohoa, kana kwamba kikohozi kingemkumbusha. Mtu akacheka nyuma. Rubeni aliinamisha uso kwenye daftari, akachora mstari juu ya mstari.

Ndipo mzee alipogeuza shingo, polepole, akatafuta kwa wanawake mpaka akayapata macho ya mkewe. Hakuomba kwa neno, lakini aliomba. Ingetosha Dorkasi kuchezesha midomo. Wanawake waliokaa pembeni yake wasingejua. Jina lilikuwa mdomoni mwake, lina uzito kama kokoto. Akaangalia chini, kwenye sakafu ya udongo, akakaza meno. Hakuwahi kumfanyia mumewe jambo gumu kama lile.

Mussa akavuta pumzi ili afunge mkutano. Hezekia akafumba macho. Chini ya kiti, viatu vyake vikaanza kusogea, kimoja na kingine, kidogo sana, kama mtu anayetembea mahali pembamba.

"Nimetoka bwawani," alisema, si kwao. "Nimepita mwamba. Kona. Masale yaliyopandwa mpakani kwa Baba Hadija, hiyo ya nane. Nashuka. Kuna mkuyu, mizizi imeingia mferejini, kila mwaka tunaikata. Mchepuko uko kushoto. Mwenye shamba aliniazima sururu mwaka wa nzige, na mpaka leo haijarudi." Akafumbua macho. "Rajabu. Sururu yako iko kwangu, Rajabu."

Hapo walicheka wote, na Rajabu alicheka kuliko wote akijipangusa macho. Mzee hakucheka. Aliendelea kutembea kwenye kiti, ya kumi, ya kumi na moja, hadi akafika ya mwisho. Akasita tena.

"Ya kumi na tano ilikuwa ya Paskali. Paskali amekufa, nilisahau kufa kwake, na nasema mbele yenu kwamba nilisahau. Sasa anapewa Kristofa." Akainua macho, akamwona Jenoveva amesimama mlangoni mwa darasa, mikono imefungwa kifuani. Akamtazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akaketi vizuri.

Wajumbe walibishana hadi jua likaegemea. Wengine walisema mtu anayehitaji kutembea kwenye kiti ili akumbuke jirani yake amekwisha. Mwisho wakakubaliana hivi: mzee amalizie mzunguko huu. Kila asubuhi Rubeni atasikiliza na daftari mkononi. Ikisikika hata siku moja jina tofauti na lililoandikwa, Hezekia hatapanda tena lile jiwe.

*

Kesho yake alfajiri mzee alivaa koti lake. Dorkasi alipuliza moto.

"Leo ni nani vile?"

Hakujibiwa. Akarudia.

"Sikwambii, Baba Rubeni," alisema Dorkasi.

"Hujui?"

"Najua. Sikwambii."

Mzee alisimama na kiatu kimoja mguuni. Alisema kwamba jana alimwona akiangalia chini. Kwamba kumbe hata yeye anataka kumwona anachekwa. Dorkasi alimjibu bila kugeuka, akaeleza yote, miezi minane, majina, kisomo, kaka yake karibu na moto. Alisema anaogopa. Alisema kwamba akikosea watamtoa, sawa, lakini yeye mkewe akiendelea kumtafunia majina, mzee atakwisha hata kama hawajamtoa. Hezekia alifunga kiatu cha pili akakaza kamba kwa nguvu mpaka ikakatika. Akatoka bila kunywa uji.

Ikawa hivyo siku zote. Dorkasi alisimama kwenye ukingo wa migomba, mahali ambapo mwanamke anaweza kusimama bila mtu kumwuliza, akasikiliza. Sauti ikija, alimwangalia Rubeni kule juu, aone kama kichwa kimetikisika kukubali. Kikitikisika, alirudi jikoni. Siku ya tano, sawa. Ya sita, sawa. Siku ya nane sauti ilichelewa. Jua lilianza kupaka kilele cha upande wa pili, na bado bonde liko kimya. Watu wakatoka nje ya nyumba zao, wakaanza kuulizana. Dorkasi alikuwa ameshafunga kanga kiunoni ili akimbie, na sheria ya mfereji ikae huko, ndipo ikasikika, "Mazi ya Baba Hadija." Baadaye Rubeni alimweleza kwamba baba alifika kwenye jiwe, akakwama, akateremka, akaufuata mfereji hadi kwenye shamba la Baba Hadija kwa miguu, akarudi nalo jina.

Kutoka siku hiyo mzee aliacha kungoja alfajiri. Kila alasiri aliufuata mfereji toka mwanzo hadi mwisho, akisimama kila mchepuko na kusema kwa sauti mwenye nao, na mke wake, na watoto, na ni nani aliyechimba kipande hicho. Watoto waliochunga mbuzi walimwigiza wakimfuata nyuma. Alijua, akawaacha. Kiti chenye mgongo alikirudisha ndani mwenyewe. Wakati mwingine alikosea, akajikamata, akajitukana kwa Kishambaa. Usiku alikula vizuri. Hata alianza kumtania Dorkasi, akimwita Bibi Mwalimu, ingawa utani wenyewe ulikuwa na ncha.

*

Siku ya kumi na tatu, alasiri, alifika mwisho wa mfereji akamkuta Jenoveva anapanda na debe la maji kichwani. Shamba lake lilikuwa hatua tatu kutoka kwenye mfereji, na yeye alikuwa anateka bondeni, mtoni, safari baada ya safari, kumwagilia kabichi zilizobaki baada ya vurugu ile. Alitua debe, akamwamkia.

Hezekia alimwambia pole kwa miche iliyokanyagwa.

"Mzee, naomba nikuulize," alisema Jenoveva. "Siku ile ulikosea?"

"Nilikosea."

"Haya." Alijifuta maji usoni. "Mimi nilisema labda umeona shida yangu."

Mzee akamwuliza kwa nini kwa miaka miwili hakuja kwake kuomba. Alijua mfereji una desturi yake, kwamba zamu ya marehemu asiye na kijana mkubwa huenda kwa ndugu wa kiume. Lakini mtu anaweza kuomba.

"Nije kwako kusema nini, mzee? Ulikuwa unajua kila kitu. Mtu anayejua kila kitu haulizwi." Akapiga magoti, akajitwisha debe. "Siku ile tu ndiyo nilipata nafasi, siku uliyosahau."

Akapanda nalo, maji yakimrukia mabegani. Hezekia alibaki pale mpaka ubaridi ukaanza kushuka. Alijaribu kukumbuka siku aliyompa Kristofa zamu ile, na aliikumbuka vizuri mno: ilikuwa siku ya matanga, amekaa na wanaume, mtu akauliza maji ya Paskali sasa vipi, naye akajibu kabla hajameza chai yake. Ilikuwa rahisi kama kutaja jina. Nyumbani hakumwambia mtu. Dorkasi aliona amekuwa mzito, akadhani ugonjwa umerudi, akalala macho wazi.

*

Siku ya kumi na tano ilikuwa siku ya chete. Njia zote zilijaa watu wanaokwenda sokoni, matenga ya karoti na pea vichwani, kwa hiyo kila aliyekuwa na masikio alikuwa nje. Wote walijua kwamba leo ndiyo ya mwisho, na kwamba ni ileile aliyoikosea. Ndugu Mussa alikuja mwenyewe, akasimama karibu na Rubeni. Kristofa alikuwa tayari kwenye mchepuko wake na jembe begani.

Mzee alivaa bila kuuliza kitu. Mlangoni alisimama kidogo.

"Mama Rubeni, unalijua la leo?"

"Nalijua."

"Hulijui," alisema, akaenda.

Dorkasi alimfuata hadi ukingo wa migomba, akashika mgomba kwa mikono miwili. Alimwona akipanda jiwe, akiweka viganja mdomoni. Alijikuta anasema kimoyomoyo, Kristofa, Kristofa, Kristofa, kana kwamba jina lingeweza kupita hewani likamfikia.

"Mazi ya Jenoveva!"

Hakuna mwanamke aliyewahi kuitwa kutoka kwenye jiwe lile. Mtu mmoja njiani akasema, "Basi, amekwisha," akasema kwa huruma ya kweli. Rubeni alifumba macho. Dorkasi aliteleza chini ya mgomba akakaa kwenye majani yaliyolowa umande, akaona kiti chenye mgongo, blanketi, moto, wajukuu wakicheka mlangoni.

"Mazi ya Jenoveva, mke wa Paskali!" Sauti ilikuja tena, ina nguvu zaidi. "Paskali amekufa, najua! Aliyempa Kristofa ni mimi, na leo anayemnyima ni mimi! Kristofa anayo ya nne, inamtosha!"

Akateremka, akachomoa gogo.

*

Mussa aliondoka, akaelekea kwa Kristofa ambaye tayari alikuwa anapiga kelele. Kikao kingine hakikuwa mbali. Rubeni alimfuata baba yake hadi uani, daftari kwapani, uso umemvimba kwa hasira.

"Baba, hapa imeandikwa Kristofa. Walisema jina tofauti hata siku moja. Uliwasikia."

Hezekia aliketi kwenye kigoda chake. "Niliwasikia. Miaka miwili ile nilikuwa nakumbuka tu, mwanangu. Nilikumbuka alivyofanya baba yangu, nikafanya hivyo. Leo nimefikiri. Andika kwamba nimekosea, au andika Jenoveva. Kalamu unayo wewe."

Dorkasi alikuwa ameleta uji. Alisimama nao katikati yao, hakujua amwekee nani. Kutoka bondeni walisikia maji, na juu ya maji sauti ya Kristofa, na juu ya Kristofa sauti ya mwanamke isiyorudi nyuma.

Rubeni alikaa kizingitini muda mrefu. Alilifungua daftari magotini, akalifunga, akalifungua. Mwisho akatoa kalamu, akapiga mstari juu ya kitu.

"Jenoveva binti nani?" aliuliza. "Kwenye orodha lazima niandike na la baba."

Mzee alifungua mdomo. Jina halikuja.

Dorkasi alilijua. Alikuwa amemjua baba yake Jenoveva tangu usichana wake. Aliona macho ya mumewe yanaanza kuzunguka, yanamtafuta, yanamfikia. Alikaza bakuli la uji mpaka likamuunguza vidole.

"Usiniambie," alisema Hezekia.

"Sikwambii."

"Ngojeni." Akafumba macho, na viatu vyake vikaanza kusogea kwenye vumbi. Rubeni aliinua kalamu, akangoja. Uji ulianza kufanya ngozi juu. Kuku walipita katikati yao, na hakuna aliyewafukuza. "Tulichimba naye kipande cha mwambani. Mimi na yeye, wiki mbili. Alikuwa mwembamba, anaimba vibaya. Jiwe lilimponda kidole cha mwisho, mkono wa kushoto, akakifunga jani la mgomba akaendelea." Viatu vikasimama. "Sefania. Binti Sefania."

Dorkasi alimwekea uji mbele yake. Rubeni akaandika.